Dozi Haiachwi Nusu

Jina la Bi Pindo hakupewa na mama yake wala baba yake. Alipewa na wateja, kwa sababu miaka arobaini na mitatu aliyokaa nyuma ya cherehani, hakuna mtu aliyetoka mlangoni pake na pindo lililokwenda upande. Mafundi wengine hupima, wakapiga chaki, wakapima tena, halafu wakaharibu. Yeye alikuwa anatazama tu. Mteja akisimama mbele yake, Bi Pindo anashusha miwani puani, anamwangalia miguu, kisha anamwambia kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, na mtu mwenyewe ameishi nao miaka hamsini bila kuletewa habari hiyo. Wengine walinuna. Wote walirudi.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango wa barabarani. Kulikuwa na cherehani cheusi cha kanyagio, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na chini ya cherehani gunia la nguo zinazongoja zamu, ambalo aliliita foleni. Kwenye kona kulikuwa na kitanda chembamba cha mbao. Hicho kilikuwa cha mumewe, aliyestaafu kazi ya kupaka rangi majengo, na ambaye kila mchana alijinyoosha pale ili amsaidie mkewe kazi kwa mdomo.

Huyo mume ndiye Mzee Nusu. Mtaa mzima ulimwita hivyo na yeye akaitika, maana angebisha vipi? Ukuta wa uani aliupaka rangi hadi kati akasema tungoje mvua ipite. Mvua ilipita, ikaja nyingine, ikapita, miaka kumi na tisa, na ukuta ukabaki nusu bluu. Chai alikunywa nusu kikombe. Hadithi alisimulia mpaka pale mwizi anaporuka dirisha, halafu akasinzia. Bi Pindo aliimalizia chai, na mbele ya wageni akaimalizia hadithi, tena vizuri kuliko mwenyewe. Alikuwa na msemo wake kwamba yeye ameolewa na mwanzo, mwisho anajitafutia.

Ila haki isemwe, hata kama inauma. Suruali moja ya kijivu ya Mzee Nusu ilikaa kwenye foleni mwaka mzima na zaidi. Kila akiiulizia anaambiwa kesho, baba watoto, leo nina sare za watu. Mganga hajigangi, na mume wa fundi ndiye anayekanyaga suruali yake barabarani. Mzee hakugomba. Alivaa nyingine, akaikunja miguu kwa mkono, akaendelea na maisha.

Kisha akaugua. Presha alikuwa nayo siku nyingi, sasa ikaongezeka tezi dume, ule ugonjwa wa wanaume wazee unaowafanya waijue njia ya msalani kuliko njia ya sokoni. Daktari akamwandikia dawa, na mama wa duka la dawa, mwanamke mwenye kalamu sikioni na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akamkabidhi mfuko na wosia. Alimwambia kwamba dozi haiachwi nusu, aimalize hata akijisikia mzima. Waliokuwa dukani wakaangua kicheko, maana walimjua anayeambiwa. Bi Pindo hakucheka. Aliona hatimaye amepatikana mtu mwenye cheti wa kumwambia mumewe kile alichokuwa akimwambia tangu ndoa, na maneno yale akayaweka moyoni, neno kwa neno.

Mwana wao wa kiume, anayefanya kazi mbali, akasikia baba anaumwa. Badala ya kuja akatuma katoni. Ilikuwa na dawa za presha na za tezi za nusu mwaka, zimepangwa vizuri, na barua ndefu ya pole. Katoni ilifika Alhamisi. Ijumaa Mzee Nusu akazidiwa.

Alilazwa kwenye kitanda chake cha kona, kwa sababu alikataa kwenda chumba ambacho hasikii cherehani. Sauti ilikuwa imekwisha. Kati ya kitanda na cherehani palikuwa na stuli yenye sinia, na kwenye sinia palikuwa na vidonge vyake na kikombe cha chai. Mzee akanyanyua mkono, akaunyoosha upande ule, akasema, "Nimalizie, mama watoto."

Bi Pindo akatazama sinia. Akaichukua ile nusu ya chai, akainywa yote mbele yake ili aone. Vidonge akaahidi kimoyomoyo kwamba atavimalizia. Siku ya pili yake mzee akafariki, na katoni ilikuwa bado haijafunguliwa.

Basi msiba ukaisha, watu wakarudi makwao, akabaki yeye na cherehani na katoni. Mtu mwingine angeitupa. Bi Pindo hakutupa hata kipande cha uzi maishani mwake, aje kutupa dawa ambayo marehemu amemkabidhi kwa mkono wake? Halafu, alijisemea, na yeye si ana presha? Ana kidonge chake kimoja cha asubuhi, cha muda mrefu. Presha ni presha. Akafungua maboksi yote siku moja, akavitoboa vidonge kutoka kwenye karatasi zake za kung'aa, kwa kuwa vidole havikutaka taabu hiyo kila asubuhi, akavimwaga kwenye kopo la biskuti alilowekea vifungo. Humo akavipanga kama fundi anavyopanga, kwa rangi: vyeupe upande wa vyeupe, vya rangi mbili pembeni, vikubwa chini, vidogo juu. Na kila siku baada ya chai alikaa ukingoni mwa kitanda cha kona, akameza cha kwake, kisha akameza vya mumewe, akimwambia alichoshona jana. Ilikuwa ndiyo saa nzuri kuliko zote za siku yake, na hakumweleza mtu.

Wiki ya pili kichwa kikaanza kumzunguka kila akisimama. Hapo ndipo alipoingia shoga yake wa mlango wa pili, muuza mayai, daktari wa mtaa mzima asiye na cheti wala haya. Huyu alikuwa na kidonge cha kila neno. Akasema kizunguzungu ni presha imeshuka, alambe chumvi. Bi Pindo akalamba. Magoti yakimuuma, shoga akamletea vidonge vya magoti, alivyoandikiwa mume wa shoga mwenyewe alipoanguka na baiskeli. Usingizi ukipotea, akamletea vile vidogo vya njano vya mafua na muwasho, akisema hivi vinalaza hata askari. Kwa hiyo asubuhi Bi Pindo anameza vya kuishusha presha, saa nne analamba chumvi ya kuipandisha, mchana anameza vya magoti ambavyo, kumbe, navyo vinaipandisha, na presha ya watu ikawa inapanda na kushuka ngazi siku nzima bila kupewa hata kiti.

Cherehani ndicho kilichosema kwanza. Mlinzi wa benki alipewa suruali yenye mguu mmoja unaofagia chini na mwingine unaotangaza soksi. Mtu mwungwana, alisema si neno, atasimama upande. Bwana wa bima alipewa koti lenye mikono miwili, yote ya kushoto. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alipewa sketi ambayo zipu yake ilifunguka mahali ambapo zipu ya mwalimu mkuu haitakiwi kufunguka. Bi Pindo alikuwa akizitazama kazi hizo zikirudi, anashusha miwani, na macho yake, yale macho yaliyojua upana wa uzi, yanaona mapindo mawili mahali pa moja. Aliona aibu hadi akaacha kukaa mlangoni.

Wateja wakaanza kuja kuchukua nguo ambazo hazijaguswa. Walikuja na visingizio, masikini, hakuna aliyemwambia kweli. Huyu anasafiri, yule amenenepa, mwingine ameamua vazi lile libaki kitambaa tu. Foleni ikapungua hadi gunia likalala chini lenyewe. Nyuma ya mlango walisema neno moja: uzee. Na neno hilo lina ubaya wake, kwamba likishatamkwa hakuna anayetafuta jingine.

Mwezi wa tano akaanguka. Alikuwa amesimama kuchukua pasi, chumba kikazunguka, akashika jora la kitambaa badala ya meza, na wote wawili wakaenda chini, jora likimfunika gubigubi. Muuza mayai alipoingia akaona miguu miwili inatoka kwenye kitambaa cha maua, akapiga ukelele ulioleta watu hadi mtaa wa pili. Hakuvunjika kitu. Ila habari zilifika kwa binti yake mkubwa kabla yeye mwenyewe hajanyanyuliwa.

Binti huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, na alimpenda mama yake kwa njia ya walimu wa hesabu, yaani kwa kupanga. Akapigiana simu na kaka yake wa katoni, jawabu likapatikana kwa dakika ishirini. Mama ahamie kwa binti, chumba cha nyuma, chenye televisheni. Nyumba ifungwe. Cherehani kiende chuo cha ufundi, ambako mkuu wa chuo alishakubali kwa furaha. Gari lingekuja kukichukua Jumamosi ya mwisho wa likizo ya shule, saa nne asubuhi. Aliyasema hayo amesimama katikati ya chumba, kalamu mkononi. Bi Pindo aliuliza huko kwa binti atakuwa anafanya nini. Akajibiwa kwamba atapumzika. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini na mitatu akiambiwa atapumzika anajua anaambiwa nini, na Bi Pindo alijua. Aligeuka ukutani asionekane analia.

Angepigana, lakini kwa silaha gani? Na yeye mwenyewe alishaanza kuamini kwamba ni uzee. Binti akafunika cherehani kwa blanketi, akakifunga kamba mara tatu kama mgonjwa anayepelekwa mbali, akaanza kufungasha vyombo.

Sasa, siku hiyohiyo ya kufungasha, akaingia karani wa posta. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kusema samahani kabla ya shikamoo. Wiki mbili nyuma Bi Pindo alimshonea shati, na kama desturi yake alimkunjia kifungo cha akiba kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni mwa shati lenyewe. Karani hakuwa na malalamiko, alisema. Shati liko sawa, ukiacha kola. Ila alipolifua alisahau kutoa kile kifungo, na alikuwa anauliza tu, kwa kutaka kujua, vifungo vya siku hizi vinatengenezwa kwa kitu gani.

"Kwa nini?" binti akauliza.

"Kimeyeyuka," karani akasema. "Kimetoa povu kidogo, halafu kikaisha."

Binti akatua sufuria aliyokuwa ameishika. Mwalimu wa hesabu hapendi kitu kinachopotea bila maelezo. Akaliomba kopo la biskuti, akalifungua, akainamisha uso ndani. Kisha akaanza kutoa, kifungo huku, kidonge huku, kifungo, kidonge, hadi vidonge vikawa kilima. Karani wa posta alikuwa amesahau kuondoka. Na hapo binti akaikamilisha hesabu, akaisema polepole, kwamba kama kidonge kimekwenda kwa karani, basi kuna siku kifungo cha karani kimekwenda kwingine.

Bi Pindo akafikiri. Akakumbuka kidonge kimoja cha Jumatatu kilichokuwa kigumu kweli kushuka, hata akakisukuma kwa vikombe viwili vya chai.

"Kilikuwa na matundu manne," akakiri. "Nikasema labda ndiyo dawa mpya."

Kesho yake wakaenda zahanati, binti amekumbatia kopo, mama amekumbatia mkoba. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe, na kitu cha kwanza alichokiona Bi Pindo, pamoja na kizunguzungu chake chote, ni kwamba pindo la koti hilo limefumuka nyuma. Daktari akampima presha amekaa, akampima tena amesimama, akaitazama namba ya pili, akamshika mkono haraka na kumrudisha kitini. Halafu akamwaga kopo kwenye karatasi safi mezani na kuanza kutenga. Hiki ni cha mama mwenyewe, vizuri. Hiki ni cha presha pia, aina nyingine. Hivi vya njano, mama, nani kakupa? Hivi vya magoti je? Alipofika kwenye vile vya rangi mbili akakinyanyua kimoja kwenye mwanga, akakirudisha, akakinyanyua tena.

"Mama, hivi unavimeza?"

"Kila siku, sijaruka hata mara moja."

"Unajua ni vya nini?"

"Vya marehemu."

"Ni vya tezi dume, mama. Ni vya wanaume."

Bi Pindo akalipima neno hilo kwa hadhi yake yote. "Ndiyo maana," akasema, "haijanisumbua hata siku moja."

Daktari aliinamia meza kama anayetafuta kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi. Binti, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alisimama akatoka nje, na sauti yake ikasikika ukumbini ikiwatisha wagonjwa wa watu.

Alipopata pumzi daktari akaeleza, na alieleza vizuri, bila haraka. Vidonge viwili vya presha kwa mtu aliyeandikiwa kimoja ni kuivuta presha chini kwa mikono miwili, na vile vya tezi navyo vinaishusha, hasa mtu akisimama, ndiyo maana akiinuka anaona nyota. Vya njano vinamletea kijana usingizi, lakini mzee vinamtia ukungu kichwani mchana kutwa, akasahau, akachanganya, akaonekana amezeeka ghafla. Vya magoti vinapandisha presha na kuchosha figo. Na mwili wa mzee hautoi dawa upesi kama wa kijana. Ya leo inaikuta ya jana bado imekaa. Akamgeukia binti aliyekuwa amerudi na macho mekundu, akamwambia kwamba hawezi kuapa, mama ana miaka sabini na minne na si msichana, lakini mengi ya haya anayoyaona si uzee. Ni kopo.

Kuna makosa ambayo mwalimu akiyaona kwenye daftari lake mwenyewe hana pa kuweka uso. Alikuwa amepanga kila kitu, na miezi mitano yote hakuwahi kumuuliza mama yake swali moja la bure: mama, unameza nini?

Daktari akasogeza kile kilima pembeni, akabakisha kidonge kimoja cha asubuhi, akamwandikia cha maumivu kisicho na vita na presha, akamtaka arudi baada ya wiki mbili, na asimeze kitu cha jirani hata akiletewa kwenye sahani. Ndipo Bi Pindo alipoulizia lililokuwa linamkaa kooni. Hivyo vingine nani atavimalizia? Mama wa duka la dawa alisema mbele ya watu kwamba dozi haiachwi nusu. Na marehemu mwenyewe alimwomba.

Kijana yule angeweza kucheka tena. Hakucheka. Alisogeza kiti karibu.

"Mama, dozi ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenyewe akiondoka, imekwisha."

Hapo Bi Pindo akalia. Alilia kweli, bila kujificha, mbele ya mtoto wake na mbele ya kijana mwenye koti lililofumuka, kwa sababu alielewa sasa kwamba kesho asubuhi ataketi ukingoni mwa kitanda kile bila kisingizio cha kukaa. Alikuwa amemweka mumewe hai kwa vidonge viwili viwili. Binti akamshika bega, na hilo lilikuwa jema kuliko yote aliyoyasema mwaka ule.

Haya, usidhani mwalimu alilegea. Njiani alisema amekosea, ndiyo, lakini mama ameanguka, na ahadi ni deni, gari la chuo limeshapangwa. Atampa mtihani. Zimebaki wiki tatu. Jumamosi ile, kabla ya saa nne, mama apinde pindo moja mbele yake. Likinyooka kwa rula, gari litarudi tupu. Likienda upande, mama atapanda gari la binti bila ubishi. Bi Pindo akauliza rula ya inchi au ya sentimita. Binti akasema zote mbili.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Usingizi ulimkimbia, magoti yakamlaani, na muuza mayai alikuja mara tatu na kitu kwenye kiganja, akafukuzwa mara tatu, akanuna, akasema watu wakisoma zahanati siku moja wanajiona maprofesa. Wiki ya pili Bi Pindo aliinuka kitandani na chumba kikakaa palepale. Alisimama akishika ukuta, akingoja kizunguke, hakikuzunguka. Akaachia ukuta. Siku hiyo alitembea hadi zahanati peke yake, akapimwa presha, halafu akamvua daktari koti kwa nguvu na kulipinda palepale kwa sindano ya mkono wakati wagonjwa wanangoja foleni. Pindo la mkono si la cherehani, lakini alilitazama akaliona moja tu.

Jumamosi ikafika. Binti alikuja saa tatu na rula mbili na kipande cha kitambaa cheupe cha mtihani. Akafungua kamba, akatoa blanketi. Bi Pindo akatia mafuta, akatia uzi tunduni kwa jaribio la kwanza, akakanyaga kidogo, na sauti ile ikajaa chumba. Lakini kitambaa cha mtihani akakikataa. Alisema hajapinda kitambaa kisicho na mwenyewe tangu awe fundi, na haanzi leo. Pindo ni la nguo, na nguo ni ya mtu anayeingoja. Akainama chini ya cherehani kutafuta kwenye foleni.

Gunia lilikuwa tupu, si wateja wote walikuja kuchukua zao? Aliingiza mkono hadi chini kabisa. Kulikuwa na nguo moja tu, ya mteja ambaye hakuweza kuja.

Aliivuta nje. Suruali ya kijivu. Mguu wa kulia ulikuwa umepindwa, safi, kazi yake mwenyewe ya mwaka ule. Mguu wa kushoto ulikuwa na pini nne tu, zimeshika kutu. Yeye, aliyemcheka mtu maisha yake yote kwa kuacha vitu nusu.

Alikaa sakafuni na suruali mapajani. Akatazama kitanda cha kona, akatazama pale stuli ilipokuwa siku ile na sinia lake, akaufuata kwa macho ule mkono ulionyooshwa, kutoka kitandani, juu ya sinia, hadi chini ya cherehani. Binti akadhani amezidiwa, akapiga magoti kumshika.

"Kumbe alikuwa anasema suruali," Bi Pindo akasema. "Suruali, mwanangu. Na mimi nikammalizia vidonge."

Kicheko kilimtoka kabla ya kilio, halafu vikaja pamoja, na binti naye akashindwa, wakakaa pale chini wawili wakishikana, wanacheka na machozi yanashuka, hata pini zikawachoma. Kisha Bi Pindo akajifuta uso kwa kiganja, akainuka, na chumba hakikuzunguka. Akatoa pini moja moja. Hakupima. Alishusha miwani, akautazama mguu wa kulia, akautazama wa kushoto, akaukunja, akaupiga pasi, akakaa, akakanyaga.

Alipomaliza akakata uzi kwa meno na kumkabidhi mwalimu. Binti aliilaza suruali mezani, akailinganisha miguu yote miwili, akakaa akiitazama. Rula zilikuwa pembeni yake. Nje gari la chuo likapiga honi, na yeye akatoka mlangoni kumweleza dereva kwamba mwalimu amekosea hesabu.